Kilomita 55 kutoka mpakani: kisa cha Ananta Bijoy Das na ujirani wa wahumanisti wa Asia

Asubuhi ya tarehe 12 Mei 2015, katika mtaa wa Subidbazar mjini Sylhet, kaskazini-mashariki mwa Bangladesh, Ananta Bijoy Das alitoka nyumbani kwenda kazini. Alikuwa mfanyakazi wa benki, umri wake miaka 32. Hakufika mbali. Wanaume wanne waliofunika nyuso walimvamia kwa mapanga. Alijaribu kukimbia, wakamfuata. Hospitali ilimpokea akiwa ameshakufa.

Wiki chache kabla, ubalozi wa Sweden mjini Dhaka ulikuwa umemnyima viza.

Kilichomponza ni kalamu. Alihariri jarida dogo liitwalo Jukti, yaani "hoja" kwa Kibengali. Aliandika juu ya Darwin na sayansi, na alikuwa mchangiaji wa Mukto-Mona, tovuti ya Kibengali iliyoanzishwa mwaka 2001 na mhandisi Avijit Roy. Mukto-Mona maana yake akili iliyo huru. Jina la Ananta ni la nyumba ya Kihindu, ila yeye dini zote alizipima kwa mizani ileile. Msomaji mwenye imani yake si lazima akubaliane naye hata kwa sentensi moja ndipo kisa hiki kimguse. Mimi mwenyewe, baadhi ya maandishi ya kundi lake ningeshauri yapunguzwe makali. Lakini hayo ni mambo ya ladha ya uandishi, na dawa ya uandishi usioupenda ni kufunga ukurasa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu moja. Watu wakizungumzia ushirikiano wa wahumanisti barani Asia huwa wanataja makongamano, maazimio na picha za pamoja. Mimi nataka kuuliza swali la mwenye nyumba inayoungua: jirani yuko wapi, na ana ndoo?

Neno lenyewe kwanza, maana halina makazi mazuri katika Kiswahili. Ukimwambia Mswahili "utu" atakuelewa vizuri sana, ila atakuelewa vingine: kwake utu hauna ugomvi na dini. Mhumanisti ninayemsema hapa ni yule anayeshikilia kwamba maadili na maana ya maisha hujengwa na binadamu kwa akili na huruma yake, pasipo kuegemea nguvu iliyo juu ya maumbile. Wengine hujiita wenye fikra huru, wengine warazini, yaani wafuasi wa hoja na akili, wengine hawajiiti chochote. Bangladesh waliitwa kwa neno moja tu, wanablogu, na kufikia mwaka 2013 neno hilo lilikuwa limeshageuzwa tusi.

Ilianzia Dhaka, kwenye makutano ya Shahbag, Februari 2013. Vijana walijaa barabarani wakidai adhabu kali kwa watuhumiwa wa uhalifu wa vita vya uhuru wa Bangladesh vya 1971. Wanablogu walikuwa mstari wa mbele. Tarehe 15 Februari mmoja wao, Ahmed Rajib Haider, aliuawa kwa mapanga karibu na kwake. Upande wa pili vikundi vya kidini, Hefazat-e-Islam vikiongoza, vikajibu kwa maandamano makubwa zaidi na madai 13, likiwamo la sheria ya kuwaadhibu wanaokashifu dini. Orodha ya wanablogu 84 ikasambazwa. Na serikali, badala ya kuwalinda waliotajwa, Aprili 2013 ikawakamata wanablogu wanne kwa sheria ya mawasiliano. Baadaye mwaka huohuo sheria hiyo ikaongezewa makali, kifungo cha juu kikafika miaka 14.

Kwa hiyo ilipofika Februari 2015 kila mtu kwenye duru zile alijua polisi si pa kukimbilia. Tarehe 26 mwezi huo Avijit Roy, aliyekuwa akiishi Marekani, alikuja Dhaka kwa ajili ya maonyesho ya vitabu ya Ekushey, yale ya mwezi wa kumbukumbu ya mashujaa wa lugha. Alikatwa mapanga akitoka kwenye maonyesho, watu wakiwa wamejaa. Mkewe, Rafida Bonya Ahmed, alijeruhiwa vibaya, akapoteza kidole gumba. Tarehe 30 Machi akafuata Washiqur Rahman. Ananta alijua hesabu inakwenda wapi.

Chama cha waandishi cha PEN tawi la Sweden kikamwalika Stockholm kwa Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari, tarehe 3 Mei. Akapeleka maombi. Jibu la ubalozi, kama PEN walivyolieleza hadharani baada ya kifo chake, lilikuwa na hoja mbili: safari yake haikuwa na uzito wa kutosha, na yeye ni katika kundi la waombaji ambao daima kuna hatari ya kutoondoka eneo la Schengen.

Hapa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kufafanuliwa. Analijua dirisha lile. Barua ya mwajiri, taarifa ya benki ya miezi kadhaa, cheti cha ndoa, hati ya kiwanja, chochote kinachoonyesha kwamba una kamba inayokurudisha nyumbani. Sasa mfikirie mtu ambaye sababu yake ya kusafiri ni kwamba akibaki nyumbani atauawa. Kila ushahidi atakaoleta wa hatari iliyo mbele yake ni ushahidi kwamba hatarudi. Akisema kweli amejinyima viza. Akificha, safari yake inaonekana ya kwenda kusikiliza hotuba tu, haina uzito. Karani wa viza hakuwa katili. Alijaza fomu kama fomu ilivyotaka. Huo ndio ubaya wa fomu.

Lawama zote baada ya mauaji zilikwenda Stockholm, na zilistahili. Lakini mimi ramani ndiyo iliyonishangaza. Kutoka Sylhet hadi kituo cha mpakani cha Tamabil ni takriban kilomita 55. Ng'ambo ni Dawki, jimbo la Meghalaya, India. Ukisonga mbele kuna Kolkata, mji ambao Kibengali ni lugha yake kama kilivyo cha Dhaka, vile Kiswahili kilivyo cha Mombasa na cha Goma vilevile. Na India ndiyo yenye vyama vikongwe vya fikra huru Asia nzima. Kwa nini basi wokovu wa mtu wa Sylhet utafutwe kwenye baridi ya Skandinavia?

Jirani mwenye historia

Si kwamba India haikuwa na watu. Mwaka 1940 Goparaju Ramachandra Rao, maarufu kama Gora, pamoja na mkewe Saraswathi, walianzisha Atheist Centre katika kijiji cha Mudunuru, kisha mwaka 1947 wakaihamishia Vijayawada. Hawakuwa watu wa kukaa vitini na kubishana: walikula pamoja na watu waliotengwa kwa misingi ya tabaka na kutembea juu ya makaa ya moto mbele ya wanakijiji ili kuonyesha kwamba hakuna muujiza ndani yake. M. N. Roy, yule aliyeshiriki kuanzisha chama cha kikomunisti Mexico kabla ya kuuacha ukomunisti, alijenga vuguvugu la Radical Humanist, na vuguvugu hilo lilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa umoja wa kimataifa wa wahumanisti uliozaliwa Amsterdam mwaka 1952. Umoja huo uliitwa IHEU; tangu 2019 unajulikana kama Humanists International. Kongamano lake la dunia lilifanyika Mumbai mwaka 1999. Asia si mgeni katika meza hii. Ilikuwapo tangu meza inachongwa.

Na vyama vipya viliendelea kuchipua. Filipino Freethinkers walianza 2009, chama cha wahumanisti wa Singapore kikasajiliwa 2010, Nepal wakawa na chao. Mei 2015, mwezi uleule aliouawa Ananta, mkutano mkuu wa mwaka wa IHEU ulifanyika Manila. Wajumbe walikutana kwenye ardhi ya Asia huku kifo cha mwenzao wa Asia kikiwa bado kibichi. Kama kuna wakati ambapo ushirikiano wa kikanda ulikuwa na kila sababu ya kuonekana, ni huo.

Maazimio yaliweza kutoka Manila. Hati ya kusafiria haikuweza. Hilo silisemi kuwakejeli wajumbe. Hakuna aliyekuwa katika chumba kile mwenye mamlaka juu ya mpaka wowote.

Sheria moja, nyumba nyingi

Sababu ya kwanza iliyowafunga mikono majirani ni ya zamani kuliko wote. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo rasimu yake iliandikwa chini ya Mwingereza Macaulay, ilikuwa na kifungu cha 298 kilichoadhibu maneno ya kuumiza hisia za dini za mtu. Mwaka 1927 Waingereza wakaongeza 295A, cha kutusi dini ya watu kwa makusudi. Dola ikaondoka, vifungu vikabaki. Bangladesh inavyo, Myanmar inavyo, kwa nambari zilezile; India ilivitumia kwa nambari hizo hadi 2024, ilipovihamishia kwenye kanuni mpya. Pakistan ilivijengea ghorofa: 295-B mwaka 1982 yenye kifungo cha maisha, na 295-C mwaka 1986 yenye adhabu ya kifo. Malaysia na Singapore nao walirithi 298 yao.

Na tusiwaangalie kwa mbali kama watazamaji wa sinema. Kanuni ile ya India ilitumika hata Afrika Mashariki hadi mwaka 1930, na ilipobadilishwa, maneno yake kuhusu dini yalihamia kwenye sheria mpya. Yamo hadi leo katika kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na cha 138 cha Kenya.

Kwa hiyo mwandishi akivuka kutoka Sylhet kwenda India hatoki chini ya sheria inayomtisha. Anabadilisha hakimu tu. Na ukitaka kujua jinsi hakimu huyo anavyoweza kutumiwa, tazama yaliyompata Sanal Edamaruku, kiongozi wa chama cha warazini wa India.

Machi 2012, nje ya kanisa moja huko Vile Parle, Mumbai, msalaba ulianza kudondosha maji miguuni mwa Yesu. Watu wakaja na vichupa, maji yakanywewa. Sanal akaalikwa na kituo cha televisheni kwenda kuangalia. Alichokikuta ni bomba la maji machafu lililoziba, na ukuta uliokuwa ukiyanyonya maji yale na kuyapandisha juu, kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa, hadi kwenye msumari, kisha chini tone kwa tone. Alieleza hayo hadharani, na akaongeza maneno makali kuhusu kanisa. Mashtaka ya 295A yakafunguliwa. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Finland, na huko ndiko alikobaki.

Ukiwa Mbengali unayewindwa mwaka 2015, unaomba hifadhi kwa nani India, ikiwa kiongozi wa warazini wenyewe yuko Helsinki? Na huyo bado alikuwa na bahati. Narendra Dabholkar, daktari aliyepigania sheria ya kuzuia ushirikina Maharashtra, alipigwa risasi Pune tarehe 20 Agosti 2013 akiwa kwenye matembezi yake ya asubuhi. Govind Pansare alipigwa risasi Kolhapur Februari 2015, siku kumi kabla ya kifo cha Avijit. Profesa M. M. Kalburgi alifuata Agosti 2015, mlangoni kwake Dharwad. Jirani mwenye ndoo naye paa lake lilikuwa linawaka.

Sababu ya pili ni umma wa barabarani, na ushahidi wake ni Taslima Nasrin. Mwandishi huyu alitoka Bangladesh mwaka 1994, akaishi Ulaya miaka kumi, kisha akahamia Kolkata ili awe karibu na lugha yake. Novemba 2007 ghasia zikalipuka mjini dhidi yake. Serikali ya jimbo, iliyokuwa ya vyama vya mrengo wa kushoto, vyama ambavyo ungedhani vingesimama upande wake, haikumlinda. Alitolewa Kolkata, akapelekwa Jaipur, kisha akafichwa Delhi, na mwanzoni mwa 2008 akaondoka nchini. Alirudi India baadaye, ila Kolkata haikuwa tena nyumbani. Kila mwanablogu wa Dhaka alikijua kisa hiki.

Sababu ya tatu ni kavu, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. India, Bangladesh, Pakistan, Nepal, Sri Lanka na Bhutan hazijatia saini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Wala Thailand, Malaysia, Singapore na Indonesia. Sisi huku tumezoea kitu tofauti kiasi kwamba hatukioni tena: mwaka ule wa 2015 mtu akikimbia Burundi alivuka, akafika Kigoma, akaandikishwa, akapelekwa kambini. Kambi ina njaa zake na masharti yake, lakini jina la mkimbizi lipo kwenye sheria, na jirani ndiye mpokeaji wa kwanza. Asia Kusini jina hilo kisheria halipo. Anayevuka kutoka Sylhet kwenda Meghalaya bila viza ni mgeni haramu, na mwenye viza ni mtalii ambaye siku zake zinahesabiwa. Anaweza kupokelewa kwa hisani, kama Taslima alivyopokelewa, na hisani huondolewa siku upepo wa siasa ukigeuka.

Waswahili wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Katika kisa hiki fimbo ya karibu haikuwapo kabisa, na iliyopatikana ilikuwa Norway. Mtandao wa ICORN, wenye makao yake Stavanger, unaounganisha miji inayopokea waandishi walio hatarini, karibu miji yake yote iko Ulaya. Ahmedur Rashid Tutul, mchapishaji aliyekatwa mapanga ofisini kwake Dhaka tarehe 31 Oktoba 2015 na kunusurika, alipata mji wa kupumulia huko Norway na akaifufua Shuddhashar, nyumba yake ya uchapishaji, kama jarida la mtandaoni. Siku ileile mchapishaji mwenzake, Faisal Arefin Dipan, aliuawa ofisini. Marekani shirika la Center for Inquiry lilianzisha mfuko wa dharura ambao baadaye uliitwa Secular Rescue. Watu waliokolewa. Lakini angalia gharama: mwandishi wa Kibengali anaishi mahali ambapo hata muuza mkate hasomi lugha yake, na wasomaji aliokuwa akiwaandikia wamebaki na wauaji.

Ukumbi usio na viza

Kuna mlango mmoja mdogo ambao hautajwi sana: Kathmandu. Raia wa Bangladesh, kama raia wengine wengi wa nchi za SAARC, jumuiya ya nchi za Asia Kusini, huingia Nepal bila kuomba viza ubalozini. Hugongewa muhuri uwanjani, siku 30 bure kwa safari ya kwanza ya mwaka. Hakuna barua ya mwajiri wala cheti cha ndoa. Unahitaji pasipoti na tiketi. Ukilinganisha na dirisha la Dhaka, hii ni tofauti ya mbingu na ardhi.

Siku 30 si hifadhi. Ni sebule ya kusubiria. Hata hivyo kwa mtu aliyeona sura moja mara tatu mtaani kwake, siku 30 zinatosha kuwapo mahali ambapo hakuna anayejua anatoka nyumbani saa ngapi, huku barua za Stavanger, Stockholm au New York zikiandikwa. Hapo ndipo naona kazi halisi ya chama jirani: chumba, chakula, mtu wa kumpokea uwanjani, wakili wa kuongeza siku. Si jambo la kutangaza kwenye jukwaa, na pengine ndiyo maana halitangazwi. Nepal nayo imeanza kubana; kanuni yake ya jinai iliyoanza kutumika Agosti 2018 ina kosa la kuumiza hisia za dini, mtoto mwingine wa Macaulay kwa njia ya mzunguko.

Kazi ya pili ambayo jirani anaiweza kuliko mtu wa mbali ni kusoma. Shirika lililoko Marekani linapopata barua pepe inayosema "mimi ni mwanablogu, nimo kwenye orodha, nisaidieni," litajuaje? Baada ya mauaji ya 2015 ilikuwa wazi kwamba hatari ya kweli ingeweza kufuatwa na waombaji wasio wa kweli, kwa kuwa njia ya kwenda Ulaya ni kitu adimu popote duniani. Mwenye kusoma Kibengali, anayejua nani aliandika nini Mukto-Mona mwaka 2009 na kwa jina gani la bandia, ana thamani kuliko mhisani mwenye hundi. Mtu huyo yuko Kolkata, Agartala au Dhaka kwenyewe. Haonekani kwenye bajeti ya yeyote.

Kelele za rafiki

Kitu cha tatu ambacho ujirani unafundisha ni lini kunyamaza, na hapa inabidi niruke hadi Kuala Lumpur, Agosti 2017. Vijana wachache wa Malaysia walikutana, wakala, wakapiga picha wakitabasamu. Ukurasa wa Atheist Republic, unaoendeshwa kutoka Kanada, ukaichapisha kama habari njema ya tawi lake la huko. Ndani ya siku chache naibu waziri alikuwa akitangaza uchunguzi kama kulikuwa na Waislamu pichani, na waziri mwingine akataka watu hao wasakwe. Kwa mtu wa Vancouver picha ile ilikuwa sherehe. Kwa waliokuwa ndani yake ilikuwa kitambulisho mikononi mwa anayewatafuta.

Hilo ndilo linalonifanya nisikubaliane na wale wanaopima ushirikiano kwa wingi wa matamko. Mtu wa Singapore au Penang angewaambia wasiiweke ile picha. Angejua kwa sababu anaishi chini ya sheria ya ukoo mmoja, na kwa sababu naye ana shangazi asiyepaswa kuiona picha kama hiyo. Ushirikiano wa kikanda, ukiuvua mapambo, mara nyingi ni simu moja ya kusema: hii usiitoe.

Hata hivyo ukimya nao una wenyewe. Ananta alipouawa, waliojitokeza barabarani Dhaka kulaani walijionyesha kwa sura na jina, kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kulaani mauaji. Mmoja wao alikuwa Niladri Chatterjee, aliyeandika kwa jina la Niloy Neel. Akirudi kutoka kwenye mkusanyiko huo aliona watu wawili wakimfuata, gari hadi gari. Alikwenda polisi. Kwa maelezo aliyoyaandika mwenyewe kwenye Facebook katikati ya Mei, vituo vilikataa kuyapokea malalamiko yake, na ofisa mmoja akamshauri ahame nchi haraka iwezekanavyo. Tarehe 7 Agosti 2015 watu walibisha mlangoni kwake Dhaka wakisema wanatafuta nyumba ya kupanga. Walimuua chumbani. Siku mbili baadaye mkuu wa polisi wa nchi aliwaonya wanablogu wasivuke mpaka, akiwa na maana ya mpaka wa maneno.

Ofisa yule wa kituoni, kwa bahati mbaya, ndiye aliyekuwa mkweli kuliko wote. Alisema hama nchi. Hakusema uende wapi.

Mwaka 2020 Humanists International ilitoa ripoti kuhusu wahumanisti walio hatarini katika nchi nane. Sita ni za Asia: India, Indonesia, Malaysia, Pakistan, Ufilipino na Sri Lanka. Ufilipino imo ingawa, tofauti na jirani zake wengi, imetia saini Mkataba wa Wakimbizi. Ina kifungu chake cha 133 cha kuudhi hisia za waumini, urithi wa Wahispania safari hii, na ndicho kilichomtia hatiani Carlos Celdran aliyeingia kanisani Manila mwaka 2010 na bango la neno moja. Celdran alifia Madrid mwaka 2019, akiwa ameiacha nchi yake. Mwaka 2024 mkutano mkuu wa umoja huo ulirudi tena Asia, Singapore.

Kesi ya Ananta ilichukua karibu miaka saba. Tarehe 30 Machi 2022 mahakama ya ugaidi ya Sylhet iliwahukumu watu wanne kifo na kumwachia mmoja. Wengi wa waliohukumiwa hawakuwapo kizimbani, walikuwa mafichoni. Mmoja wao alikamatwa tarehe 1 Julai mwaka huohuo na kikosi maalumu cha polisi wa Kolkata, waliomfuata hadi Bengaluru, kusini mwa India. Alikuwa akiishi huko kwa jina jingine, na hati za India mfukoni. Mpaka alikuwa ameuvuka.